Mjukuu wa Mfalme wa Karafuu

Hotuba mbele ya vijana wa vikundi vya maigizo, Unguja

Waheshimiwa wazee wetu, walimu, kina mama mlioshughulika tangu asubuhi kutuandalia mahala hapa, na nyinyi vijana wa maigizo mliokuja kutoka Ng'ambo, Bububu, Makunduchi na kwengineko, assalaam alaykum.

Nimeombwa nikuchagulieni mwigizaji mmoja wa nchi za nje, nikuelezeni maisha yake na kazi yake. Nimemchagua Ben Kingsley wa Uingereza. Wengi wenu mnaijua sura yake hata kama jina limekupotokeni. Ndiye aliyekuwa Mahatma Gandhi katika filamu ya mwaka 1982, ndiye yule mhasibu wa Kiyahudi katika Schindler's List, na ndiye sauti ya chui mweusi Bagheera katika The Jungle Book ya 2016. Umaarufu wake haukunishughulisha sana nilipomchagua. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza iko pua na mdomo na sisi: jina lake, ambalo dunia nzima hulisoma kama jina la Kizungu, limetokana na karafuu za visiwa hivi. Ya pili ni miaka 15 aliyoimaliza jukwaani kabla dunia haijamjua. Hiyo ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, maana ndiyo inayotuhusu sisi tunaoigiza.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Krishna Pandit Bhanji. Alizaliwa tarehe 31 Disemba 1943 katika kijiji cha Snainton, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inarindima. Mama yake, Anna Lyna Mary Goodman, alikuwa Muingereza aliyewahi kuigiza na kufanya kazi ya uanamitindo. Baba yake, Rahimtulla Harji Bhanji, alikuwa daktari. Upande wa baba ni ukoo wa Makhoja Ismailia wenye asili ya Gujarat. Babu mzaa baba alihama Bara Hindi akaja kufanya biashara ya viungo Zanzibar, mambo yakamnyookea, hata akapachikwa jina la utani la Mfalme wa Karafuu. Baba yake Kingsley alizaliwa Kenya, akaishi hapa Unguja, na alipofika umri wa miaka 14 akaenda Uingereza.

Leo tunao wageni kutoka bara, basi wenyeji mnivumilie kidogo nieleze. Karafuu haitoki mtini ikaingia melini. Mchumaji hupanda mkarafuu, akalivuta tawi kwa kingoe, akavunja vikonyo pamoja na karafuu zake. Jioni watu wa nyumba nzima hukaa chini kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Kisha zinaanikwa juu ya majamvi siku kadhaa, na wingu likitanda kila mtu anakimbia kuanua, mpaka zikauke zigeuke rangi ya kahawia. Ndipo zinatiwa magunia zikapelekwa bandarini. Kati ya shamba na meli alikuwepo mfanyabiashara, mara nyingi Mhindi, aliyenunua na kuuza nje, na aliyekuwa akikopesha watu kabla ya msimu. Ufalme wa karafuu ulibebwa na migongo ya wachumaji wa Unguja na Pemba, na wao hakuna aliyewapa jina la ufalme. Simlaumu marehemu babu yake. Nataka tu tukiisimulia hadithi ya jina hili tuisimulie nzima.

Mtoto alikulia Pendlebury, karibu na Manchester, eneo la viwanda. Alisoma Manchester Grammar School, akaanza kuigiza na vikundi vya ridhaa vya Salford, watu wanaotoka kazini jioni wakaenda mazoezini, kama mnavyofanya nyinyi. Akiwa na miaka 19 hivi alikwenda Stratford-upon-Avon, mji aliozaliwa Shakespeare, akamtazama mwigizaji Ian Holm akiwa mfalme katika mchezo wa Shakespeare wa Richard III. Amesimulia mwenyewe kwamba mchezo ule ulimlemea hata nguvu zikamwishia pale pale ukumbini. Alipotoka alikuwa ameshajua maisha yake yatakwenda wapi.

Mwaka 1966 alikuwa London katika mchezo wenye muziki ndani yake, A Smashing Day, ulioandaliwa na Brian Epstein, meneja wa kundi la muziki la Beatles. Kingsley alipiga gita na kuimba. John Lennon na Ringo Starr wa kundi hilo walimsikia, wakamhimiza aingie kwenye muziki. Hebu fikirini, vijana. Mwaka huo Beatles wako juu kuliko mtu yeyote duniani, nao ndio wanaokwambia njia yako ni hii. Yeye akashika njia ya Stratford. Mwaka 1967 akaingia kampuni ya maigizo ya huko, Royal Shakespeare Company, akianzia na sehemu ndogo ndogo.

Na jina? Alipokuwa akienda kwenye usaili kwa jina la Krishna Bhanji, kwa maelezo yake mwenyewe, alisifiwa vizuri kisha akaambiwa kuwa msimu unaokuja hawajui wamuweke wapi. Alipobadili jina, swali likawa ataanza lini kazi. Sauti ileile, kipaji kilekile, mtu yuleyule. Baba yake alimuunga mkono katika kubadili, na majina yenyewe hayakuokotwa njiani: Ben lilikuwa jina la utani la baba, na Kingsley likatokana na lile la babu, Mfalme wa Karafuu. Mimi jambo hili linaniuma kila nikilifikiria. Linaniuma kwa sababu mlango uliofungwa kwa jina la kwanza ulikuwa umefungwa na watu wasomi, wapenzi wa sanaa, ambao bila shaka walijiona waungwana. Lakini pia naona alivyofanya. Aliwapa jina wanaloweza kulitamka, na ndani yake akambeba babu yake.

Sasa nifike nilikokusudia.

Kampuni ile ilifanya kazi kwa utaratibu ambao ningependa tuuige hata kwa uchache. Kundi moja la waigizaji linakuwa na michezo kadhaa kwa wakati mmoja. Mchana mnafanya mazoezi ya mchezo mpya, usiku mnacheza wa zamani, kesho usiku mnacheza mwengine. Leo wewe ni mtumishi unayeingia na barua ukatoka, kesho ni mchumba wa mtu, wiki ijayo ni muuaji. Mwili unajifunza kugeuka upesi. Sauti inajifunza kufika safu ya mwisho bila ya maikrofoni. Na masikio, ambayo kwetu ndiyo tunayoyasahau, yanajifunza kumsikiliza mwenzako upya kila usiku, hata kama maneno yake umeshayasikia mara mia. Ukimtazama Kingsley katika filamu yoyote, mtazame wakati anaposema mwengine. Hapo ndipo utaona alikosomea.

Mwaka 1970 mwongozaji Peter Brook aliuchukua mchezo wa Shakespeare uitwao A Midsummer Night's Dream, ambao Waingereza walizoea kuuona na miti ya kuchora na viumbe wenye mabawa, akauweka ndani ya chumba cheupe peupe, kitupu. Viumbe wa msituni walikaa kwenye bembea hewani, wakizungusha sahani juu ya fimbo. Kingsley alikuwa Demetrius, mmoja wa vijana wanne wanaokimbizana kwa mapenzi. Katika onyesho kama lile huna pa kujificha: una ukuta mweupe, taa kali, mwili wako na maneno yako, basi. Lilipelekwa mpaka New York mwaka 1971, na mpaka leo wanaosoma sanaa za maonyesho wanafundishwa habari zake.

Lakini kipande cha maisha yake ninachokipenda kuliko vyote kilitokea mwaka 1975 ndani ya banda la bati. Kampuni ilikuwa na jumba kubwa Stratford, la viti vya starehe na mapazia mazito. Mwanamke mmoja kijana, Buzz Goodbody, mwongozaji wa kwanza mwanamke katika kampuni ile, hakuridhika. Aliona Shakespeare amegeuzwa mali ya wenye nazo. Mwaka 1974 akafungua ukumbi wa pili, The Other Place, ambao ulikuwa banda la bati, la watu wachache na tiketi za bei ndogo. Humo ndimo alimoongoza Hamlet, na Hamlet wake akawa Ben Kingsley. Waigizaji walivaa nguo za siku hizi. Watazamaji walikaa karibu kiasi cha kuweza kumgusa mchezaji. Ukidanganya kwa jicho, mtu wa safu ya mbele amekuona.

Mwezi wa Aprili, maonyesho yakiwa ndiyo kwanza yanaanza, Goodbody alifariki. Alikuwa na miaka 28. Waigizaji waliendelea na mchezo. Hamlet, kwa wasioujua, ni habari ya kijana ambaye msiba haumwachi, anayesimama mbele ya wakubwa waliokwisha kusahau, yeye bado amevaa nguo za msiba. Kila usiku Kingsley aliingia kwenye banda lile kucheza msiba, na aliyemfundisha namna ya kuucheza ndiye waliyekuwa wamemzika. Kuna kazi nyingi za mtu huyu zilizopigwa picha ambazo naweza kuzitazama nikitaka. Hii siwezi, na ndiyo ambayo ningetoa kitu kikubwa niione.

Miaka iliyofuata nitaipitia mbio. 1977, akiwa National Theatre, alicheza Mosca, yule mtumishi mjanja katika mchezo wa Volpone anayewachezea matajiri wenye tamaa. 1979 akawa Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari, katika Julius Caesar. 1980 akawa Squeers, mwalimu katili wa skuli ya bweni, katika Nicholas Nickleby, mchezo wa zaidi ya saa nane uliogawiwa sehemu mbili. Filamu zilikuwa hazijamjua. Alionekana katika Fear Is the Key ya 1972 na katika vipindi vya televisheni, kisha akarudi jukwaani kwake. Hesabuni kutoka 1967 hadi 1982. Ndiyo ile miaka 15 niliyoitaja.

Mwongozaji wa filamu Richard Attenborough alikuwa akiihangaikia filamu ya Gandhi tangu mwaka 1962. Fedha zilipatikana zikapotea, wenye studio walimwambia hakuna atakayelipa kiingilio kumtazama mzee aliyejitanda shuka. Majina ya waigizaji wakubwa wa Uingereza yalitajwa kwa nyakati mbalimbali, miongoni mwao Alec Guinness na Anthony Hopkins. Aliyemwelekeza kwa Kingsley ni mwanawe, Michael, ambaye naye ni mtu wa jukwaani. Na hapa mambo yakageuka kwa namna ya ajabu: kijana aliyeliacha jina la Kihindi ili apate kazi, sasa ndiye mwenye damu ya Gujarat anayetafutwa kumwigiza Mgujarati mashuhuri kuliko wote.

Picha zilianza kupigwa India mwezi wa Novemba 1980, zikamalizika Mei 1981. Kabla ya hapo Kingsley alipunguza mwili, akanyoa kichwa, akafanya yoga, akatazama filamu za habari za zamani ambamo Gandhi anatembea na kuzungumza. Alijifunza pia kusokota pamba kwa gurudumu la mkono, mpaka akawa anaweza kusokota huku anasema maneno yake. Hilo dogo ndilo kubwa. Mtu anayejifanya anasokota, jicho lake huwa kwenye mkono. Anayejua kusokota humtazama mwenzake, na mkono unakwenda wenyewe. Nimeona waigizaji wetu wakikuna nazi jukwaani kama vile hawajawahi kukaa juu ya mbuzi, na mtazamaji wa Makunduchi anajua pale pale.

Mkirudi nyumbani itazameni ile sehemu ya Afrika Kusini ambapo Gandhi kijana anachoma vitambulisho walivyolazimishwa Wahindi kuvibeba. Askari anampiga, anaanguka. Yuko chini, amechanika, na mkono wake unanyanyuka na karatasi moja, unaitia motoni. Anapigwa tena. Mkono unatulia, kisha unaanza tena kwenda, taratibu, unatetemeka, unatafuta karatasi nyengine. Uso hauonyeshi ushujaa wowote. Unaonyesha maumivu na hofu, na mkono unakwenda hivyo hivyo. Mwigizaji mvivu angekunja uso akatoa macho. Huyu aliukabidhi mkono kazi yote.

Hapa niingize jambo ambalo filamu haikuligusa. Filamu inaanza na kuuawa kwake na mazishi, kisha inamuonyesha Gandhi kijana akiwa ndani ya treni Afrika Kusini, mwaka 1893, anapotupwa nje kwa kukaa daraja la kwanza. Kabla ya treni ile kulikuwa na meli. Katika kitabu cha maisha yake Gandhi ameandika kwamba safari ile ilimpitisha Lamu, ambako nusura meli imuache, kisha Mombasa, kisha Zanzibar, na hapa walikaa siku nane au kumi wakingoja meli nyengine. Alikuwa wakili wa miaka 23, hajulikani na mtu, na alipanga chumba mjini. Kwa hiyo kijana wa Kigujarati aliyepita kwenye vichochoro hivi mwaka ule, alikuja kuigizwa na mjukuu wa Mgujarati mwengine aliyetajirikia hapa. Nimeshangaa siku zote kwamba hatulisemi.

Mazishi ya Gandhi katika filamu yalipigwa Delhi tarehe 31 Januari 1981, na watu waliokusanyika wanakadiriwa kuwa 300,000. Mwaka 1983 filamu ilipata tuzo 8 za Oscar kati ya 11 ilizoshindania. Ya mwigizaji bora wa kiume ikaenda kwa Kingsley, na aliokuwa akishindana nao ni Dustin Hoffman, Paul Newman, Jack Lemmon na Peter O'Toole. Serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri mwaka 1984. Tuzo nyengine na cheo cha Sir alichopewa na Malkia mzisome wenyewe. Ndoa zake pia siziingii, ila nitaje kwamba wanawe wawili, Edmund na Ferdinand, nao ni waigizaji.

Ninalotaka mlione ni alichokifanya baada ya tuzo. Uso wake ulikuwa umeshagandamana na wa Gandhi katika vichwa vya watu, na wenye filamu wangemlisha wahusika wa aina ile mpaka uzeeni. Mwaka 1983 huo huo akasimama peke yake jukwaani katika mchezo kuhusu Edmund Kean, mwigizaji wa Kiingereza wa karne ya 19 aliyemalizwa na ulevi. Mwaka 1985 akarudi Stratford kucheza Othello, yule jemadari mweusi wa Shakespeare, na Iago anayemlaghai akawa David Suchet. Mtu mwenye Oscar mkononi anarudi kwenye mazoezi ya mchana na mchezo wa usiku.

Kwenye sinema akatafuta watu wa mbali na Gandhi. Katika Bugsy ya 1991 alikuwa Meyer Lansky, bwana fedha wa majambazi. Katika Schindler's List ya 1993 alikuwa Itzhak Stern, na naomba mumtazame pale wanapoandika yale majina ya watu wa kuokolewa. Stern anapiga taipu. Schindler, mwenye kiwanda wa Kijerumani, anataja, anataka zaidi, anataka zaidi. Kidogo kidogo Stern anaanza kutambua kwamba mtu huyu mfanyabiashara anamlipa kamanda wa kambi fedha zake kwa kila jina. Hakuna machozi. Anauliza tu. Ni mtu anayegundua wema mahala ambapo hakuutarajia, na hajui aufanye nini uso wake.

Filamu ile ilimgusa hasa. Alibeba picha ya Anne Frank, yule msichana wa Kiyahudi aliyekufa kambini, katika mfuko wa koti lake. Huko Kraków, mtu mmoja hotelini alimtolea mwigizaji mwenzao Myahudi maneno na ishara ya kitanzi, na Kingsley akamvaa mwilini. Hasira hiyo ilikuwa na mzizi wa nyumbani. Bibi yake mzaa mama, kwa maelezo yake, alikuwa mwanamke mwenye chuki kali kwa Wayahudi, na mtoto alikua akiyasikia maneno hayo.

Na bibi huyo alikuja kumtumia. Mwaka 2000 alicheza Don Logan katika Sexy Beast ya Jonathan Glazer, na amesema katika mahojiano kwamba Logan amemtoa kwa bibi yake. Hadithi ni nyepesi. Jambazi mmoja ameacha kazi, anaishi Uhispania na mkewe, anaota jua kando ya bwawa la kuogelea. Anakuja Logan kumtaka arudi kwa kazi moja ya mwisho. Logan ni mtu mdogo wa umbo, kichwa kimenyolewa, mgongo umenyooka mno. Anaposhuka uwanja wa ndege anatembea kana kwamba watu wote wamo katika njia yake. Ndani ya nyumba wanaume wenye miili mara mbili ya wake hawajui wakae au wasimame. Anaambiwa hapana kwa adabu, na hapana haimwingii. Analirudia ombi lake, analibadili, anatukana, ananyamaza, anarudi tena. Nahesabu hii kuwa kazi yake kubwa kuliko Gandhi. Kumwigiza mtu mwema unayempenda ni kazi. Kumwigiza mtu unayemchukia tangu utotoni, ukampa haki yake yote, ukamwacha awe na huzuni yake na upweke wake bila ya kumsamehe, hiyo ni kazi ya juu zaidi.

Kisha ikaja House of Sand and Fog, mwaka 2003. Massoud Behrani alikuwa kanali wa jeshi Iran kabla ya mapinduzi, sasa ni mkimbizi Marekani. Mchana anafanya kazi ya barabara, na jua linamchoma. Akitoka anaingia chooni kwenye hoteli ya fahari, ananawa vumbi, anachana nywele, anavaa suti, anaingia kwenye gari zuri na kurudi kwa mkewe, ambaye hajui. Katika sehemu ile hakuna maneno ya maana yanayosemwa. Kuna mtu anayejifunga tai mbele ya kioo, na katika namna anavyoikaza unaona heshima yake yote inaning'inia hapo. Nina jamaa walioko Ghuba na Ulaya, na nyinyi mnao. Ninamjua mtu huyo. Mnamjua pia.

Wapo wanaouliza, na ni swali la haki, kwa nini Muingereza mwenye asili ya Gujarat aigize Muirani, au Myahudi wa Poland, au Othello. Kwa Othello mimi nimeshaamua: ningependa kumuona Mwafrika, maana miaka mingi Waafrika walinyimwa sehemu ile ikachezwa na watu waliopakwa rangi. Kwa wengine sina uamuzi mzima. Namuona mtu aliyezuiwa mlangoni kwa jina lake, ambaye akaja kuwaingia watu wa mataifa mengi, na kila mmoja akamvaa kwa bidii ileile. Lakini najua pia kwamba waigizaji wa Kiirani walikuwepo, na Shohreh Aghdashloo, aliyecheza mkewe Behrani, alionyesha katika filamu hiyo hiyo wanavyoweza. Jadilianeni.

Kazi mbaya nazo anazo. BloodRayne ya 2006 haina pa kuitetea, na The Love Guru ya 2008 ilinihuzunisha, kumuona mtu huyu akitumiwa kuwachekea Wahindi. Hata katika hizo utaona ameyajua maneno yake na anamsikiliza mwenzake. Mazoea ya Stratford hayakumtoka. Katika Hugo ya 2011 alimcheza Georges Méliès, yule Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kutengeneza filamu za maajabu, ambaye watu walimsahau akaishia kuuza vitu vya kuchezea watoto kituo cha treni Paris. Anayetaka kujua uzee wa msanii unavyokuwa, aitazame hiyo.

Nimemaliza ya Kingsley. Sasa twende kazini. Nimetaja kwamba 1979 alicheza Brutus, na Brutus huyo tunaye kwa Kiswahili tangu mwaka 1963, Mwalimu Nyerere alipoutafsiri mchezo ule akiwa rais. Leo tutasoma ile hotuba ya Brutus mbele ya watu wa Roma, mara baada ya Kaisari kuuawa. Vijana watano niliowapa karatasi jana njooni mbele, kila mmoja ataisoma yote. Waliobaki ndio watu wa Roma, na nyinyi ndio nitakaowaangalia zaidi, maana hamna maneno mengi, kazi yenu ni kumsikiliza. Maikrofoni naizima. Wazee waliokaa pale mlangoni, msiposikia nyanyueni mkono, msomaji ataanza upya.